Nimerithi nyaraka za programu kubwa ya kisayansi, na kila ukurasa unasema lake

mtiririko ameuliza:

Habari zenu wakuu. Naomba msaada, na mnivumilie maana maelezo ni marefu.

Programu yetu inakokotoa mwendo wa maji chini ya ardhi. Kiini chake ni Fortran, lugha ya zamani ya programu, kimeandikwa na watu ambao wengi wao wamekwisha kustaafu. Juu yake kuna tabaka la C++ linalotatua milinganyo, na juu kabisa kuna Python ya kuandaa data na kuchora matokeo. Mimi si mwandishi wa nyaraka. Nimesomea haidrolojia, na kosa langu ni kwamba nilisimama kikaoni nikalalamika kuwa mwongozo wetu haueleweki. Anayelalamika ndiye anayekabidhiwa kazi. Tangu mwezi uliopita naitwa msimamizi wa nyaraka.

Nilichokikuta ni hiki. Kuna mwongozo wa LaTeX (mfumo wa kupanga maandishi yenye milinganyo), PDF ya kurasa 380, ambao sura yake ya nadharia ni nzuri ajabu na sura ya vigezo ni makaburi. Kuna wiki (hiyo ya kurasa, si ya siku saba) ambamo kila aliyepita aliacha chake. Ukurasa wa kusakinisha upo mara nne, unaofanya kazi ni mmoja, na si ule unaotokea wa kwanza ukitafuta. Kuna faili za README katika folda 27. Kuna maelezo ndani ya msimbo wa Python, mengine ya kuridhisha, mengine yanasema tu "inarudisha matokeo". Halafu zipo nyaraka za aina ya tano, ambazo ndizo hasa zinazotumika: barua pepe za zamani za mzee wetu mmoja, ambazo watu wanapenyezeana kama majibu ya mtihani.

Kilichonichoma moyo ni kisa cha mwanafunzi mmoja. Kitatuzi chetu kina kizingiti cha kusimama, yaani masalio ya mlinganyo (kiasi cha kosa kilichobaki) yakishuka chini ya namba fulani, kinaacha kukokotoa. Mwongozo unasema namba hiyo ni ya uwiano: masalio ya sasa yagawanywe kwa masalio ya mwanzo. Miaka mitatu iliyopita mtu aliibadili ikawa ya masalio yenyewe, yasiyogawanywa kwa chochote. Hakugusa mwongozo. Mwanafunzi akaweka 0.000001 kama alivyoelekezwa. Mfumo wake ulikuwa na mtiririko mdogo, masalio ya mwanzo yalikuwa karibu 0.00001, kwa hiyo programu ilisimama baada ya kuyapunguza mara kumi tu, badala ya mara milioni moja aliyodhani. Ramani zikatoka zimependeza. Alikuja kushtuka mezani kwangu alipojumlisha maji yanayoingia na yanayotoka, akakuta sehemu ya maji haijulikani ilipokwenda. Muda wa kompyuta wa majuma matatu ulipotea.

Sasa nianzie wapi? Nimechora mpango wa folda mara tano, na mara zote tano nimeufuta.

---

chembe amejibu:

Ndugu, umeshasoma Diátaxis? Daniele Procida amegawa nyaraka katika mafungu manne: mafunzo ya kumshika mkono anayeanza, maelekezo ya kazi kwa anayejua anachotaka kufanya, marejeo, na ufafanuzi. Tatizo letu wengi ni kuchanganya. Mtu amekuja kujifunza, unamrushia jedwali la vigezo 60. Mwingine anatafuta jina la kigezo kimoja, unamsimulia sheria ya Darcy, ile ya mwendo wa maji ardhini, tangu mwanzo.

NumPy, maktaba ya hesabu ya Python, walifuata mgawanyo huu walipoamua kupanga upya nyaraka zao. Pendekezo lao, NEP 44 la mwaka 2020, liko wazi kwa yeyote kusoma. Fungua folda nne, hamishia kila kitu kwenye Sphinx (kifaa cha kujengea kurasa za nyaraka), funga wiki. Wiki ni jalala. Miezi miwili umemaliza.

---

mzee_wa_namelist amejibu:

Miezi miwili! Chembe, mdogo wangu, nimecheka peke yangu hapa.

Mgawanyo huo siupingi, nautumia. Lakini hebu soma tena kisa cha mtiririko. Yule mwanafunzi hakupotea kwa sababu ukurasa ulikuwa kwenye folda isiyo yake. Aliupata, akausoma, akauelewa, akautii. Ukurasa ndio uliomdanganya. Ungeuhamishia kwenye folda safi iitwayo marejeo, ungeendelea kudanganya ukiwa umepigwa pasi.

Najua kwa sababu tulishafanya hivyo. Programu yetu ni ya usambaaji wa joto kwenye metali. Tulihamisha kurasa kwa nusu mwaka, tukagombana juu ya majina ya sura, tukachagua rangi. Siku ya uzinduzi kila mtu alipiga makofi. Mwaka haukwisha, tukawa tumerudi pale pale. Aliyekuwa anabadili msimbo hakuwa na chochote cha kumkumbusha kwamba kuna ukurasa mahali fulani unaokitaja alichokigusa. Hakuwa mzembe. Hakujua tu.

Kisa cha Mars Climate Orbiter wote mnakijua, chombo cha NASA kilichopotea Septemba 1999, na hukumu yake huwa ni kwamba watu walichanganya vipimo. Ni kweli, ila kuna kipande ambacho hakisimuliwi sana. Hati ya makubaliano kati ya programu ya ardhini na ile ya kukokotoa njia ya chombo ilisema wazi kwamba msukumo uandikwe kwa nyutoni-sekunde. Programu ya ardhini ikaandika kwa pauni-sekunde, tofauti ya mara 4.45. Yaani hati ilikuwa sahihi na msimbo ndio uliokosea. Kwenu imekuwa kinyume, msimbo umesonga na hati imebaki. Ugonjwa ni ule ule: kati ya karatasi na msimbo hapakuwa na kitu cha kupiga kelele vilipoachana.

Kwa hiyo folda ziache kwanza. Tafuta cha kupiga kelele.

Vigezo ndivyo vya kuanza navyo. Jedwali la vigezo lisiandikwe kwa mkono tena. Tengeneza faili moja yenye jina la kigezo, kipimo chake, thamani ya chaguo-msingi, sentensi moja ya maana, na toleo kilipoingia. Programu isome thamani za chaguo-msingi kutoka faili hiyo, na ukurasa wa mwongozo uzalishwe kutoka faili hiyo hiyo. Hapo mtu akibadili maana ya kizingiti analazimika kupita mlangoni pa hati, apende asipende. Kwa Fortran ya zamani kazi hii inachosha. Sisi tulikuwa na vigezo vinavyosomwa sehemu tatu tofauti, kimoja kilikuwa na majina mawili. Lakini hiyo ndiyo kazi yenyewe, mengine ni mapambo.

Ya pili ni mifano. Mfano ambao kompyuta haiuendeshi kila siku ni uvumi. Python ina doctest tangu toleo 2.1 la mwaka 2001: inasoma mfano ulioandika ndani ya maelezo, inauendesha, inalinganisha jibu. Angalizo kwa watu wa namba kama sisi: usiweke tarakimu 16, maana kompyuta moja itatoa ...07 na nyingine ...09 na utagombana na kivuli. Kadiria hadi tarakimu nne au tano. Kwa mifano mirefu yenye picha kuna Sphinx-Gallery. Picha inayoonekana kwenye ukurasa ni ile iliyochorwa na skripti yenyewe wakati nyaraka zinajengwa. Na kwa faili za data za Fortran usinakili kipande ukakibandika kwenye ukurasa. Sphinx ina agizo la literalinclude, linachota mistari moja kwa moja kutoka faili iliyomo kwenye folda ya majaribio. Faili ikibadilika, ukurasa nao umebadilika.

Mwisho, jenga nyaraka kwa Sphinx ukiweka -W, ili kila onyo lihesabiwe kuwa kosa na ujenzi uhesabiwe kuwa umeshindwa. Ukijaribu hivyo kwa kurasa zako zote za sasa utapata maonyo kama mvua na utakata tamaa siku hiyo hiyo. Anza na nyumba tupu. Ukurasa unaingia ukishakaguliwa, la sivyo unakaa nje. Nyumba yenye kurasa kumi za kweli ina faida kuliko ghala lako la sasa.

---

mtiririko amejibu:

Shikamoo mzee. Hilo la kupigwa pasi nimelisoma kwa sauti kikaoni.

Nimekuelewa, ila yamebaki matatu yanayoninyima usingizi. Sura ya nadharia ni kurasa 140 za LaTeX, milinganyo mitupu. Niihamishe? Wiki nayo siwezi kuifunga kama alivyosema chembe, maana kuna makala zilizochapishwa ambazo zimetaja anwani za kurasa zake. Na wapo watumiaji ambao bado wako toleo la 3 wakati sisi tuko la 6. Nikirekebisha ukurasa wa kizingiti kwa ajili ya hawa, nitakuwa nimewadanganya wale.

La nne si la kiufundi. Mkuu wangu anasema mtafiti hapandi cheo kwa kuandika nyaraka. Na hajakosea.

---

kadi_ya_mkutubi amejibu:

Nilikuwa mkutubi kabla ya kuingia kwenye mambo ya programu, kwa hiyo mtanisamehe nikiongea kama niko nyuma ya kaunta.

Nadharia iache kwenye LaTeX. Sheria ya Darcy haibadiliki kila toleo. Najua watu watakwambia hata nyaraka za Python zilikuwa LaTeX zikahamishwa, na ni kweli, Georg Brandl aliitengeneza Sphinx kwa ajili ya kazi hiyo na akaitoa 2008. Lakini zile zilikuwa nyaraka za kutumika kila siku, zenye viungo kila mstari. Sura yako inasomwa kama kitabu. Toa PDF yake kwa kila toleo kubwa, iweke Zenodo, hifadhi ya kazi za kisayansi, ipate DOI (kitambulisho cha kudumu), watu waitaje kwa heshima. Unachopaswa kuhamisha ni milinganyo ile tu ambayo msimbo unaitekeleza moja kwa moja, ikae karibu na funksheni yake na alama zitumie majina yale yale. Kama mlinganyo una K na msimbo una `kond`, sema hivyo hapo hapo. Nimeona watu wakitumia siku nzima kujua kama "h" ya kitabu ndiyo "h" ya msimbo.

Wiki usiifute, igandishe. Iwe ya kusomwa tu, na juu ya kila ukurasa weka ilani kwamba ukurasa huu umeachwa tarehe fulani, mpya uko huku. Anwani ya ukurasa ni kama namba ya kitabu kwenye rafu. Tim Berners-Lee aliliandikia hilo mwaka 1998, kwamba anwani nzuri hazibadiliki, na wavuti nzima ikamsikiliza ikaendelea kubadilisha. Wewe usifanye hivyo kwa makala za wenzako.

Matoleo: namba ya toleo iingie ndani ya anwani, la 3 liwe na lake na la 6 liwe na lake, na anayesoma la zamani aone mstari unaomwambia hivyo. Nyaraka zikae hazina moja na msimbo, Git (mfumo wa kutunza historia ya msimbo) ile ile, tawi lile lile. Hapo swali lako la kuwadanganya wale linakufa lenyewe, kwa sababu ukirudi kwenye msimbo wa toleo la 3 unakuta na maneno ya toleo la 3. Wiki haikuweza kufanya hivyo hata siku moja, na kwangu hilo ndilo kosa lake kubwa, si uchafu.

Sasa mkuu wako. Journal of Open Source Software, iliyoanza 2016, inachapisha makala fupi kuhusu programu, na wakaguzi wake wanapitia nyaraka: zinaeleza programu ni ya nani na ya nini, zina maelekezo ya kusakinisha, zina mifano, zinaonyesha mtu wa nje achangieje. Usimwambie mkuu "nataka kuandika nyaraka". Mwambie kuna makala. Ongeza na faili ya CITATION.cff ili wanaoitumia programu wajue pa kuitaja.

Na mzee wa barua pepe, bado yupo? Kaa naye. Usimwombe aandike, wazee wakiombwa waandike wanaahidi tu. Keti naye na programu ikiwa wazi, mwulize "hii kwa nini?", andika wewe. Sababu za maamuzi ya zamani hazimo ndani ya msimbo. Mle mna maamuzi tu.

Jambo moja ningelitanguliza kabla hata ya ushauri wa mzee_wa_namelist: soma barua zote za kuomba msaada za mwaka uliopita, weka alama ya mstari kwa kila swali. Maktaba haipangwi kwa kuangalia vitabu.

---

chembe amejibu:

Sawa, nimekubali, miezi miwili niliropoka. Nichangie kidogo basi: kwa upande wa Fortran kuna FORD, inasoma maoni yaliyomo kwenye msimbo na kutoa kurasa. Doxygen nayo inasoma Fortran na C++, na Breathe inayaingiza matokeo yake ya C++ ndani ya Sphinx, kwa hiyo tabaka zako za C++ na Python zinaweza kukaa chini ya menyu moja.

---

mzee_wa_namelist amejibu:

Kweli, ila zitatoa kurasa elfu zenye majina ya funksheni na chini yake patupu. Mashine inatoa ulichoandika tu. Ziwashe zionekane na wanaoandika msimbo, mtumiaji wa kawaida asizione mwanzoni.

Kadi, la mistari nakubali litangulie.

---

mtiririko amejibu:

Nimerudi. Majuma tisa yamepita, na folda bado sijazipanga. Safari hii siumii.

Nilianza na mistari ya mkutubi. Barua za miezi 14, maswali 212. Karibu theluthi yalikuwa ya kusakinisha. Yaliyofuata ni "mbona haifiki suluhisho", yaani vizingiti. Kuhusu nadharia, ambayo tumeiandikia kurasa 140, maswali yalikuwa tisa, na matano yametoka kwa mtu mmoja. Nikaandika ukurasa mmoja wa kusakinisha na kuuweka kwenye majaribio: kila usiku kompyuta tupu inafuata amri zake neno kwa neno. Mara ya kwanza ilikwama kwenye mstari wa pili. Mstari wa pili ulikuwa wangu.

Kisha vigezo. Kabla ya kutengeneza ile faili moja, niliandika skripti fupi ya kulinganisha majina yaliyomo kwenye mwongozo na majina yanayosomwa na Fortran. Vigezo 23 vya mwongozo havimo tena kwenye msimbo. Vigezo 31 vya msimbo havijatajwa popote. Nilichapisha orodha hiyo ya 31 nikaenda nayo kwa mzee wa barua pepe, nikakaa kama kadi alivyosema, swali kwa swali. Tulichukua alasiri tatu. Vingi alivikumbuka na sababu zake. Kimoja kilikuwa cha kukwepa kosa la kompaila ambayo haitumiki tena. Kingine kilikuwa kimewekwa kwa ajili ya mtafiti mmoja na mtafiti mwenyewe hakukitumia.

Ukurasa wa vizingiti nimemwachia yule mwanafunzi auandike. Ameweka jaribio linalokokotoa mfumo wake ule ule wenye mtiririko mdogo na kujumlisha maji yanayoingia na yanayotoka. Yakikosa kulingana, nyaraka hazijengwi. Wenzetu wawili wamenung'unika kwamba badiliko lao dogo la msimbo limezuiwa na "ukurasa". Nimewaelekeza kwake.

Ila kisa ninachotaka kuwaachia ni cha kigezo namba 19 katika ile orodha. Kinaitwa `imara`, kinapokea 0 au 1. Hakimo kwenye mwongozo, lakini kimo katika karibu kila faili ya data niliyoiona hapa, na mara zote ni 1. Nimewauliza watu kwa nini. Wote wanasema bila hicho programu inayumba. Nilipomwonyesha mzee aliangalia karatasi kimya, akavua miwani. Alikiweka usiku mmoja akitafuta hitilafu. Kikiwa 1 kinachapa neno moja kwenye skrini kila hatua ya muda, basi. Kwenye barua pepe moja ya zamani alimwambia mtu akiweke 1 ili aone programu inafika wapi, na barua hiyo ndiyo iliyosambaa.

Nimekiondoa kwa ajili ya toleo lijalo. Jana tangazo limetoka, na mpaka asubuhi hii watu wawili wameshaandika kwamba matokeo yao yameanza kuyumba.